Sauti Isiyofika Uwanjani

Katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Paris mwaka 2024, shirika la utangazaji la NBC la Marekani liliwapa wasikilizaji wake muhtasari wa kila siku kwa sauti ya Al Michaels, mtangazaji mkongwe wa michezo. Yeye mwenyewe hakuusoma. Kwa idhini yake, sauti yake iliigizwa na akili mnemba, na kila msikilizaji akaandaliwa habari za michezo aliyoichagua. Wepesi wa kazi ile wastahili sifa. Hakuna binadamu awezaye kuketi akawasomea maelfu kwa maelfu, kila mmoja habari zake.

Wahakiki huanza kwa kuuliza kazi imesema nini. Hapa yafaa kutanguliza swali jingine: nani aliisikia? Muhtasari ule ulitolewa katika Peacock, huduma iliyowekwa kwa watu walioko Marekani. Mwanafunzi wa Eldoret aliyemwona Faith Kipyegon akishinda mbio za mita 1500 tarehe 10 Agosti, ushindi wake wa tatu mfululizo katika Olimpiki, hakuwa na njia ya kupima kama sauti ile ilimtendea haki.

Hata podikasti zisizo na mpaka zina bei. Saa moja ya maongezi, kwa kipimo cha kilobiti 64 kwa sekunde, hula megabaiti 29 hivi za bando. Redio haili kitu ila betri.

Lakini pengo la bando si lote, wala nionavyo si kubwa kuliko yote. Mwezi Septemba 2024 ESPN ilianza kuchapisha taarifa za mechi zilizoandikwa na akili mnemba, zikiwamo za ligi ya soka ya wanawake ya Marekani. Tarehe 8 ya mwezi huo Alex Morgan alicheza mechi yake ya mwisho, San Diego Wave wakafungwa 4 kwa 1 na North Carolina Courage. Alitoka uwanjani akilia. Taarifa ya mashine haikusema neno juu ya kuaga kwake.

Ikiandika au ikisema, tabia ya mashine hiyo ni moja: huanzia kwenye matokeo ikarudi nyuma. Mtangazaji wa redio hajui kama bao litaingia. Hiyo ndiyo roho ya sanaa yake, na hata akikosea jina la mchezaji twamsamehe, kwa kuwa tumo pamoja naye katika kutojua.

Upungufu ule uliweza kuonwa na waliojua mechi ile ilikuwa na uzito gani. Hapo ndipo wanafunzi wetu wagawanyikapo. Mwenye picha na bando hulinganisha, hukosoa, hucheka. Mwenye sauti tu, tena aliyoazimwa katika simu ya mwenzake, huipokea kama ilivyo, maana hana cha kuipimia. Mhadhiri aagizaye darasa lihakiki podikasti ya namna hii ametoa maswali mawili yasiyolingana, huku akidhani ametoa moja.

Wako wasemao kwamba asiye na bando amesalimika, kwani amebakiwa na redio yake na masimulizi ya bwenini. Sikubali. Kunyimwa si kuchagua, na masimulizi ya bwenini yenyewe siku hizi hutoka katika simu ya yule mwenye nayo. Podikasti na ichezwe darasani kwa kipaza sauti, wote waisikie kwa mara moja, na mechi yenyewe ionyeshwe kabla yake.