Kabla ya Kujitetea, Toa Pole

Ukisimama Newala, pale penye ukingo uitwao Shimo la Mungu, ukatazama kusini, macho yako yatateremka bondeni hadi mto Ruvuma, kisha yatapanda ng'ambo hadi uwanda wa Mueda. Wakaao kingo mbili hizi ni ndugu. Ni Wamakonde huku na Wamakonde kule, wakioana na kuzikana tangu kabla ya Mjerumani na Mreno kuufanya mto huo mpaka. Huku kwetu wengi ni Waislamu. Kule Mueda wengi ni Wakatoliki. Jambo hilo halikumzuia mtu kuvuka mto kwenda matangani.

Nayasema haya kwa kuwa nataka kuitazama namna tulivyowalilia, au tulivyoacha kuwalilia, watu waliouawa pande hizi. Fitina iliyozuka Mocímboa da Praia mwezi wa Oktoba 2017 haikukaa pwani. Ilipanda hadi uwandani. Aprili 2020, huko Xitaxi katika wilaya ya Muidumbe, waliuawa watu 52, na polisi wa Msumbiji walieleza kwamba hao walikuwa vijana waliokataa kujiunga na wauaji. Oktoba ya mwaka huohuo moto ukavuka mto. Wavamizi waliingia kijiji cha Kitaya, katika Mkoa wetu wa Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba, nchi ikiwa katika wiki za mwisho za kampeni za uchaguzi. Zilipita siku kadhaa kabla Mkuu wa Jeshi la Polisi wa wakati huo, Simon Sirro, hajalieleza taifa habari ile. Kampeni ziliendelea.

Basi Ijumaa moja katika siku zile nilisali katika msikiti wa huku uwandani ambao sina haja ya kuutaja. Khatibu ni mtu wa elimu, na sauti yake ni nzuri. Alianza kwa kusema kuwa wauaji wale si Waislamu. Akaeleza maana ya jihadi na masharti yake, akaeleza kuwa neno shababi kwa Kiarabu ni vijana tu, akalalamika kuwa magazeti ya ulimwengu hututia sote katika kapu moja. Yote aliyoyasema ni kweli, na mimi sina hata moja la kumrudi. Lakini khutba iliisha, sala ikasaliwa, na hakuna aliyewapa pole wafiwa. Safu ya mbele yangu aliketi mzee aliyepotewa na mpwa wake upande wa Kitaya. Msomaji wa pwani na ajue kuwa kwa Wamakonde nasaba huhesabiwa kwa mama, kwa hiyo mpwa kwa mjomba wake si mtoto wa mbali. Ndiye ukoo wenyewe. Mzee yule alitoka msikitini na msiba wake mzima kama alivyoingia nao.

Hapo ndipo ilipo kasoro ya rambirambi zetu nyingi. Tumezoea kutuhumiwa, hata msiba ukitokea tunakimbilia kujisafisha. Kujitetea kuna mahali pake, tena ni wajibu pale Uislamu unaposingiziwa. Ila nauliza: msikitini mle tulikuwa tukijitetea kwa nani? Wenye magazeti hayo hawakuwamo. Aliyekuwamo ni mfiwa.

Mtume (S.A.W.) alipopata habari ya kuuawa kwa Jaafar bin Abi Talib huko Muuta, mwaka wa 8 wa Hijria, aliwaendea watoto wa Jaafar na machozi yakamtoka. Kisha akaamrisha watu wa nyumba ya Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa limewafika jambo la kuwashughulisha. Na lilipopita jeneza la Myahudi alisimama. Alipoambiwa kuwa ni Myahudi, akauliza kwani si nafsi. Tazama mafunzo haya mawili yanavyoingia katika habari yetu. La kwanza linatuambia kuwa pole ni kitu kinachobebwa mkononi. La pili linawaingiza hata wale Wakatoliki wa Muidumbe.

Wapo wasemao kuwa kilio cha hadharani ni niyaha, nayo imeharamishwa. Kilichokatazwa kinajulikana: kujipiga makofi mashavuni, kurarua nguo, kuomboleza kwa maneno ya kijahilia. Anayeiita pole haramu kwa hoja hiyo amechanganya mambo.

Wengine hukimbilia lawama nyingine, nayo naielewa zaidi. Husema kuwa ulimwengu una machozi ya aina mbili. Januari 2015, baada ya mauaji ya Paris, wakuu wa nchi nyingi, na Waafrika miongoni mwao, waliandamana bega kwa bega katika mji ule. Aprili ya mwaka huohuo waliuawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, na hakuna wakuu walioshikana mikono Garissa. Wakenya wenyewe ndio waliokusanyika na mishumaa Nairobi, wakitaka marehemu watajwe kwa majina wasibaki kuwa hesabu. Lawama hii ni ya haki. Na haki vilevile kukiri mema: Machi 2019, walipouawa Waislamu 51 katika misikiti ya Christchurch, waziri mkuu wa New Zealand, Jacinda Ardern, alijifunika kichwa akawaendea wafiwa, akaapa kutolitamka jina la muuaji. Hakuanza kwa kuitetea nchi yake.

Lakini lawama ile hugeuka ikatutazama sisi. Kutoka Masasi, chini ya uwanda, barabara hupita Mangaka hadi Mtambaswala, penye Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010. Ng'ambo ya daraja ni Negomano. Baada ya Palma kushambuliwa mwezi wa Machi 2021, watu wengi walivuka Ruvuma wakitafuta hifadhi kwetu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema kuwa katika nusu ya kwanza ya mwaka huo watu zaidi ya 9,600 walirudishwa Msumbiji kwa nguvu kupitia Negomano. Hofu ya serikali haikuwa ya kubuni, kwa kuwa Kitaya ilikwisha kuchomwa. Hata hivyo sikusikia mimbari yoyote ya huku, wala kwa upole, ikiuliza juu ya wanawake na watoto wale. Tuliozihesabu safari za marais kwenda Paris hatukuwahesabu waliopita mlangoni petu.

Na kuna Waislamu waliojibu tuhuma bila kuhutubu. Desemba 2015 basi la kwenda Mandera lilisimamishwa na magaidi, wakataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi, akafa Januari iliyofuata. Sijui khutba iliyoutetea Uislamu kuliko kukataa kule.

Nimalizie kwa jambo la jikoni, kwa sababu matanga yetu nayo yana lake. Tumeigeuza sunna ya Jaafar: mfiwa ndiye apikaye, na sisi ndio tulao, tena tukinung'unika nyama ikipungua. Mwaka ule wa 2021 bibi mmoja wa Newala alimpokea mama aliyevuka na watoto wawili. Alipika mhogo na kisamvu, kwa ndoo ya maji ambayo huku uwandani si kitu cha kumwaga ovyo. Jirani akamwuliza kama mgeni wake ni Mwislamu. Bibi akajibu kuwa hakuuliza, chungu kilikuwa kimekwisha iva. Mama yule alikaa kwake siku tisa.