Robo ya Milimita

Retina, utando ulio nyuma ya jicho, una unene wa takriban robo ya milimita, na ukiharibika hauumi. Mwenye kisukari kule Rongo au kijana mwenye selimundu kule Mbita mishipa yake midogo huweza kuziba mwaka baada ya mwaka, naye bado anasoma ujumbe wa simu bila taabu. Siku anayolalamika, huenda damu imeshavuja ndani ya jicho.

Kumtafutia mtu ugonjwa asiouhisi: hiyo ndiyo kazi ya bingwa wa retina, na ni ya kuheshimiwa sana.

Mtazame akiwa kazini. Matone yamepanua mboni, chumba kimetiwa giza. Taa iko kichwani, lenzi ya dayopta 20 iko mkononi, na anachokiona kimepinduka, juu kimekuwa chini na kushoto kumekuwa kulia. Kwa hiyo huigeuza hata karatasi anayochorea: nyekundu kwa retina iliyoshika, buluu kwa iliyobanduka. "Mama, angalia juu. Sasa angalia upande wa sikio la kulia." Haachi pembe hata moja, maana selimundu huanzia pembezoni. Mwenye haraka, akitazama katikati tu, atasema jicho ni zima. Na kandokando ya Ziwa Victoria, ambako malaria imezieneza jeni za selimundu, haraka hiyo ni ghali.

Tiba nayo ina bei yake. Leza huchoma pembezoni ili katikati papone, na baadhi ya wagonjwa hupungukiwa uwezo wa kuona gizani. Mvuvi wa omena wa Homa Bay, ambaye riziki yake ni ya usiku, lazima aelezwe hayo kabla.

Retina iliyobanduka huweza kubanwa kwa kiputo cha gesi baada ya upasuaji. Gesi hiyo hutanuka mtu apandapo mlima, na shinikizo la jicho hupanda nayo. Tuseme mzee wa Migori ametibiwa Kisumu, mji ulio mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Barabara kuu ya kwao inapitia Kisii, kwenye mita 1,700 hivi. Daktari makini atamuuliza atarudi kwa njia gani, aipime njia ya Katito na Kendu Bay inayofuata ziwa, au amzuie asisafiri kwanza. Kulingana na aina yake, gesi hukaa wiki mbili hadi nane. Muda huo wote mgonjwa hufungwa ukanda kwenye kifundo cha mkono, ili akipelekwa upasuaji mwingine popote, asipewe oksidi ya nitrasi ya kumlaza.