Dhikiri kwa Waliozama: Umbo la Maombolezo katika Kazi ya Soeuf Elbadawi

Bahari iliyo kati ya Nzuani na Maore, kisiwa ambacho Wafaransa hukiita Mayotte, ina upana wa kilomita 70 hivi. Tangu Januari 1995, Ufaransa ilipowalazimisha Wakomoro kuwa na viza ili kuingia Maore, wasio na karatasi huvuka kwa mashua ndogo za injini ziitwazo kwasa-kwasa, jina la dansi ya Kikongo ambayo wapenzi wa muziki hapa Kampala wanaijua vyema. Taarifa ya Seneti ya Ufaransa ya mwaka 2012 ilikadiria kuwa waliokufa katika mkondo huo walikuwa kati ya 7,000 na 10,000. Baina ya tarakimu hizo kuna watu 3,000 ambao hesabu haijali kama wamo au hawamo.

Katika pengo hilo ndimo Soeuf Elbadawi, mwandishi, mwigizaji na mwongozaji wa Kikomoro, alimoiweka kazi yake *Un dhikri pour nos morts, la rage entre les dents* (2013), yaani dhikiri kwa wafu wetu, hasira ikiwa baina ya meno. Msemaji wake anawalilia jamaa zake waliozama. Tunaweza kuisoma kama shairi refu la kisiasa, lakini usomaji huo hulipuuza neno kuu la anwani.

Dhikiri haisimulii. Haina kilele wala ufumbuzi. Ina pumzi, duara la watu, na tamko linalorudiwa hadi kifua kiwe ndicho ngoma. Anayeitikia hamfahamishi mwenzake jambo jipya. Kwa sababu hiyo umbo hili hutatua tatizo linalozishinda tamthilia nyingi kuhusu wahamiaji: hadhira inajua tangu mwanzo kwamba mashua itazama. Mtunzi anayetegemea taharuki ya safari huifanya maiti kuwa jibu la kitendawili.

Tulinganishe na *Lampedusa* ya Anders Lustgarten, iliyoigizwa London mwaka 2015. Humo Stefano, aliyekuwa mvuvi, anaopoa maiti baharini, na Denise anawadai watu madeni mjini Leeds. Ni tamthilia yenye huruma ya kweli. Hata hivyo, waliozama wamebaki mzigo mikononi mwa Stefano, na uzito wao unapimwa kwa namna wanavyombadilisha yeye. Kwa Elbadawi anayesema ni mfiwa. Mwili haukupatikana, hakuna josho, sanda wala kaburi. Maneno ndiyo yanayobeba jeneza.

Udhaifu upo. Pale lawama dhidi ya dola zinaposhika usukani, pumzi ya dhikiri hukatika na msemaji huanza kuhutubia. Labda haikuepukika kwa mtu ambaye mwaka 2009, Maore ilipokuwa ikielekea kura ya maoni, aliingiza barabarani Moroni gungu, desturi ya kumtembeza mkosaji hadharani ili aaibike.

Tafsiri ya Kiswahili ingeibadilisha kazi hii kwa namna ya ajabu. Katika Kifaransa, dhikri ni neno mgeni na msomaji hulistaajabia. Kwetu ni neno la nyumbani, na hadhira ingelidai haki yake: kuitikia.

Swali hili linaihusu Uganda moja kwa moja. Tarehe 22 Machi 2014, mashua iliyowabeba wakimbizi wa Kikongo kutoka makazi ya Kyangwali ilizama katika Ziwa Albert. Serikali ya Kinshasa ilitaja vifo 251. Hawa hawakuwa wakitafuta Ulaya. Walikuwa wakirudi kwao, na masimulizi yaliyozoeleka ya mhamiaji mwenye ndoto ya ng'ambo hayana nafasi yao. Dhikiri nayo haiwezi kuhamishwa hivi hivi hadi ziwani, kwa kuwa wengi wa wenyeji wa Ituri, ng'ambo ya pili, ni Wakristo. Atakayewaandikia tamthilia kwa Kiswahili, lugha inayosemwa pande hizo, hana budi kwanza kukaa katika matanga yao, asikie ni nani anayeanzisha wimbo na ni nani anayeupokea.