Mcheza Kwao Hutunzwa: Habari za Waimbaji Weusi wa Opera

Wazee walisema, Mcheza kwao hutunzwa. Maana, achezaye mbele ya jamaa zake hakosi tuzo. Twataka kuipima mithali hii kwa habari za waimbaji weusi wa Marekani walioimba opera, yaani mchezo ambao wachezaji huimba maneno yao badala ya kuyasema.

Marian Anderson alizaliwa Philadelphia mwaka 1897. Tangu utoto aliimba katika kwaya ya kanisa la Union Baptist, na Wakristo wa kanisa hilo wakachanga fedha ili apate mwalimu; maana shule moja ya muziki mjini ilimkataa kwa sababu ya rangi yake. Katika miaka ya 1930 alisifiwa sana Ulaya. Lakini mwaka 1939, katika nchi yake mwenyewe, alinyimwa ukumbi wa Constitution Hall mjini Washington. Ndipo siku ya Pasaka, tarehe 9 Aprili, akaimba uwanjani mbele ya jengo la ukumbusho wa Lincoln, na watu wapata 75,000 wakamsikiliza.

Nyumba ya opera ya Metropolitan, mjini New York, ilifunguliwa mwaka 1883. Hata tarehe 7 Januari 1955 haikuwa imempa mwimbaji mweusi sehemu kubwa ya kuigiza. Siku hiyo aliimba Marian Anderson. Watu huisimulia siku ile kuwa ya ushindi mtupu. Furaha yao twaikubali, ila tuna maneno mawili. La kwanza ni umri: alikuwa karibu na miaka 58, na sauti yake haikuwa tena na nguvu za ujana. Alikaribishwa jua likishuka. La pili ni sehemu aliyopewa: alikuwa Ulrica, mpiga ramli katika Un ballo in maschera ya Verdi, ambaye katika maneno ya asili ya mchezo hakimu amdharau kwa kuwa ni wa damu ya watu weusi. Baada ya siku 20 aliimba Robert McFerrin. Naye akapewa kuwa Amonasro, mfalme wa Wahabeshi katika Aida. Basi mlango ulifunguliwa, lakini jicho ndilo lililokaa mlangoni kuhukumu kazi ya sikio.

Labda mtu atasema, Mchezo hutazamwa pia, na mchezaji sharti afanane na yule amwigaye. Hoja hii ina uzito, lakini wenye nyumba hizo hawakuifuata wenyewe. Kwa miaka mingi waimbaji weupe walijipaka rangi nyeusi usoni ili wawe Aida au Otello. Metropolitan iliacha kumpaka Otello mwaka 2015 tu. Ikiwa rangi ya kupakwa yatosha kumgeuza Mzungu awe Mwafrika, mbona sauti isitoshe kumgeuza mweusi awe bibi wa Hispania? Tena palikuwa na mfano karibu: katika New York City Opera, Camilla Williams aliimba mwaka 1946 sehemu ya msichana wa Kijapani katika Madama Butterfly.

Jawabu kamili lilikuja mwaka 1961. Tarehe 27 Januari Leontyne Price aliimba Metropolitan sehemu ya Leonora, bibi wa Kihispania katika Il trovatore, na makofi yakapigwa kwa muda mrefu sana. Mwaka huo huo Grace Bumbry aliimba Bayreuth, Ujerumani, sehemu ya Venus katika Tannhäuser. Kabla hajaimba, watu waliandika barua za kumpinga. Alipokwisha kuimba, aliitwa mbele ya pazia mara 42.

Je, mithali imeshindwa? Sisi twaona haikushindwa, bali imetufundisha kuuliza “kwao” ni wapi. Kwao Marian Anderson palikuwa pale kanisani Philadelphia. Nao walimtunza mapema, kabla hajajulikana. Nyumba ya New York ilimtunza alipokwisha kutunzwa na wengine wote.

Nasi walimu wa kwaya tujipime. Tuchaguapo mtoto wa kuimba peke yake, mara ngapi twatazama kwanza uso wake, nguo zake, au ukoo wake? Heri tufumbe macho, tusikilize, kisha ndipo tuchague. Wala tusingoje hata jua lake lishuke.