Jeraha la Adui: Shing'weng'we na Mchezo wa Kompyuta

Katika ngano ya Kisukuma, Shing'weng'we ni zimwi limezalo watu wote. Halina hoja wala huzuni, na kifo chake hakimsumbui msikilizaji. Lakini Masala Kulangwa alipolipasua tumbo ili awatoe waliomezwa, alimkata sikio bibi kizee, naye akageuka adui akataka kumloga. Hapo ngano yakomaa: uadui wazaliwa na jeraha, tena jeraha la mkono wa mwokozi.

Mchezo wa kompyuta Fallout: New Vegas (2010) wafuata njia hiyo. Caesar, mkuu wa jeshi litundikalo watu misalabani, alilelewa na jumuiya ya matabibu na walimu. Mchezaji aweza kumhoji na kusikia sababu zake. Sababu hizo hazimwondolei hatia. Kasoro ya mchezo ni kuwapa watumwa wake maneno machache kuliko bwana wao.

Ngano nayo yaweza kupotoshwa. Usukumani, ambako vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, mhubiri wa Mwamanyili asimuliapo habari ya bibi huyo yampasa kuanzia kwenye sikio lililokatwa, wala si kwenye uchawi.