Bibi Arusi Asiye na Neno: Uhakiki wa Arusi ya Mzaha ya Brazili

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Juni, Wabrazili huadhimisha sikukuu za watakatifu watatu: Antonio tarehe 13, Yohana tarehe 24, na Petro tarehe 29. Moto mkubwa huwashwa uwanjani, mahindi huchomwa, na pombe ya miwa huchemshwa kwa tangawizi na karafuu. Mtakatifu Antonio ndiye mwombezi wa wanaotafuta wachumba; msichana aliyechoka kungoja huipindua sanamu yake, kichwa chini, hata mume apatikane. Basi si ajabu kuona kwamba katikati ya sherehe hizo pana arusi, ingawa ni ya mzaha. Mchezo huo ndio tunaokusudia kuuhakiki, maana huchezwa hata na watoto wa shule.

Kisa chake ni chepesi. Binti wa mkulima ana mimba, nayo ni mto uliofungwa tumboni. Bwana arusi ataka kutoroka. Baba mtu amkabili kwa bunduki, mkuu wa polisi amkamata, na padri (neno ambalo Kiswahili nacho kililiazima kwa Wareno) awafungisha ndoa upesi upesi. Kisha wote huingia katika ngoma.

Ngoma hiyo, kwa maoni yetu, ndiyo sehemu iliyo bora. Ni kwadrili, iliyotoka Ufaransa ikachezwa na wakubwa wa Rio de Janeiro katika karne ya 19, kabla ya kufika mashambani. Amri za Kifaransa zingaliko, lakini zimevaa matamshi ya wenyeji: *en arrière* imekuwa *anarriê*. Kiongozi apaza sauti kwamba mvua yaja, wachezaji wageuka. Akatangaza kuwa ni uongo, warudi. Hapa mkulima ameiteka ngoma ya bwana na kuifanya yake.

Mavazi, la. Kofia za ukindu, viraka, jino lililopakwa weusi ili lionekane limeng'oka: mara nyingi wanaovaa hivyo ni watoto wa mjini, na anayechekwa ni mshamba ambaye hayupo. Vichekesho vyetu wenyewe havina haki ya kujitapa katika jambo hili.

Lakini kasoro iliyo kubwa zaidi imo katika kisa. Mkuu wa polisi hakuzuliwa na mtunzi. Sheria ya jinai ya Brazili ya 1940 ilimwadhibu mwanamume aliyemghilibu bikira wa umri wa miaka 14 hadi chini ya 18. Na mkosaji akimwoa aliyekosewa, adhabu ilifutika. Njia hiyo ilikuwa wazi hata kwa makosa ya kubaka, mpaka vifungu hivyo vilipofutwa mwaka 2005. Kwa hiyo bunduki ya baba na pingu za polisi zilikuwa na kivuli cha kweli mahakamani. Mchezo wamhurumia mwanamume aliyenaswa, wamcheka baba mwenye hasira. Bibi arusi haulizwi lolote ila kama akubali, na jibu lake lajulikana kabla hajafungua kinywa. Tumbo lake lasema zaidi kuliko yeye.

Tusidhani kwamba kichekesho cha mashambani hakina budi kuwa hivyo. Martins Pena, aliyezaliwa Rio mwaka 1815, alitunga *O Juiz de Paz da Roça*, mchezo wa kitendo kimoja ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1838. Humo pia mna mkulima, binti yake, mtu wa serikali, arusi ya haraka, na ngoma mwishoni. Tofauti ni kwamba Aninha mwenyewe ndiye mwenye shauri. Mpenzi wake José amekamatwa apelekwe vitani kusini, naye amefungiwa chumbani nyumbani kwa kina Aninha. Wazazi walipolala, binti amfungulia. Waenda kanisani, warudi mume na mke, na kwa kuwa mwenye mke hachukuliwi jeshini, hakimu hana la kufanya. Pena naye awacheka wakulima, hatukatai, lakini amcheka zaidi hakimu apokeaye kuku na matunda kwa wenye mashtaka.

Mwalimu atakaye kuigiza arusi ya Juni darasani aweza kuacha mto na bunduki, akabakiza ngoma na amri zake; na ufunguo wa chumba ampe bibi arusi.