Wakanda Inaimba kwa Koo la Nani?

Nilipoitazama Black Panther (2018) nilishangilia ukumbini, kisha nikajiuliza: nchi hii inaimba kwa koo la nani? Lugha yake ni Kixhosa, kilichoingia kupitia John Kani wa Afrika Kusini katika filamu ya 2016. Sauti inayotukaribisha ni ya Baaba Maal wa Senegal, kwa Kifulani. Mtunzi, Ludwig Göransson, Mswidi, alikwenda Senegal kujifunza, akapata Oscar 2019. Muziki mtamu, sibishi. Lakini jamani, nchi isiyowahi kutawaliwa, mazungumzo mengi Kiingereza! Shaaban Robert aliisimamisha Kusadikika angani mwaka 1951 kwa Kiswahili kitupu. Nguo ya kuazima haisitiri. Vijana wenzangu, tuote kwa lugha zetu.